Kiwanja Namba Nne

3 Machi

Mwanangu Futi,

Marahaba, maana najua shikamoo yako iko njiani hata kama hujaiandika. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo yamestaafu kuliko mwenyewe. Ndiyo sababu nilikata simu yako Jumapili. Nilisikia "diski", nikasikia "baba", yaliyobaki yalikuwa upepo mtupu. Tuandikiane. Barua naweza kuiegemeza kwenye kioo cha kompyuta nikaisoma mara tano bila mtu kuniambia "si nimeshasema".

Nimeanza kazi ya kuweka mfumo mpya, hiyo Linux uliyonitumia kwenye flashi. Mashine yangu imechoka, mfumo wake wa zamani hauna tena wa kuuhudumia, na kufungua ramani moja kunamaliza vikombe viwili vya chai. Ramani nazo nazihitaji. Tarehe 26 baraza la ardhi linasikiliza kesi ya uwanja wa shule. Yule muuza mbao jirani amesogeza uzio wake mita tisa ndani ya uwanja, na anaapa kwamba mpaka ulikuwa hapo tangu enzi. Mwalimu mkuu amenitaja mimi kuwa shahidi wake, na hana mwingine. Uwanja ule niliupima mimi na bikoni zake kumi na moja, yale mawe ya mpaka, nilizizika mimi. Madaftari ya ofisini yameliwa na mchwa stoo. Vipimo vilivyobaki duniani ni vile nilivyoviingiza kwenye kompyuta hii mwaka wangu wa mwisho kazini.

Sasa ona vituko. Nimepunguza kiwanja cha mfumo wa zamani kwenye diski nikapata eneo tupu, gigabaiti arobaini. Programu inaliona, inalichora hadi rangi, halafu inasema halitumiki! Miaka thelathini na nne nimegawa ardhi za watu, sijawahi kuona ardhi isiyo na mtu wala mgogoro ikikataa kugawiwa. Nieleze tatizo ni nini, na usinieleze kama mtoto.

Baba yako,
Mzee Mipaka


7 Machi

Shikamoo Baba,

Siwezi kukueleza kama mtoto, watoto hawabishi kiasi hicho. Nakuandikia kutoka chumba cha mashine hapa hospitali, nimevaa sweta mbili kwa ajili ya kiyoyozi, na kila baada ya dakika kumi kuna nesi anayegonga mlango kuuliza kwa nini printa yake imenuna.

Diski ya umri wa yako ina jedwali dogo mwanzoni, kama ukurasa wa rejista ya viwanja. Kila patisheni, yaani kila kiwanja, huandikwa mstari wake humo. Na mistari ni minne tu. Yako imejaa: kuna kiwanja cha kuwashia mashine, cha mfumo wa zamani, cha ramani zako, na kile cha mtengenezaji, cha kuirudisha mashine ilivyotoka dukani. Ardhi ipo, Baba. Mstari wa kuiandika ndio haupo.

Dawa ni kufuta kile cha mtengenezaji, hakikusaidii kitu, na mstari wake tuipe Linux. Ila usiguse chochote kabla hujanakili ramani kwenye flashi nyingine. Umeshanakili? Nijibu hilo kwanza, kisha nisubiri nikutumie hatua moja moja.

Niliomba likizo nije nifanye mwenyewe, nikanyimwa. Mwezi huu wote tunahamishia kumbukumbu za wagonjwa kwenye mashine mpya, na anayeongoza kazi hiyo ni mimi. Niache nijisifu kidogo: watu saba hapa wananiita bosi, na wawili kati yao wamemzidi kaka umri.

Binti yako,
Futi


11 Machi

Mwanangu,

Barua imefika. Hongera kwa ubosi, nimemsomea jirani kipande hicho mara mbili, ya pili hakuiomba.

Hapa kila kitu kiko sawa. Kunakili nimenakili, ondoa shaka.

Nina swali dogo tu, tena si langu, ni la rafiki yangu mwenye kompyuta inayofanana na hii. Huyo rafiki alitaka kufuta kiwanja cha mtengenezaji, ambacho kwenye mchoro kimekaa mwisho kabisa, cha nne ukihesabu. Akachagua namba nne, akafuta, akathibitisha. Eneo tupu lililojitokeza likawa kubwa mara kumi kuliko alivyotarajia. Kwa kuwa ni mtu makini, alichomoa waya ukutani palepale. Akaipeleka mashine kwa fundi wa kompyuta pale stendi, fundi akaichungulia akasema, "Mzee, humu hamna kitu. Tunapiga fomati tu, unaanza upya." Rafiki yangu akabeba mashine yake akaondoka bila kuaga.

Anauliza kama fundi kasema kweli. Hana haraka, ila ajibiwe kabla ya tarehe 26. Barua hii nimempa dereva wa basi la asubuhi ili ikuwahi.

Baba yako,
Mzee Mipaka


14 Machi

Baba, shikamoo.

Mwambie huyo rafiki yako mwenye miwani iliyofungwa uzi kwamba asiiwashe hiyo mashine. Asiiguse. Aifunike kitambaa akae mbali nayo.

Hukunakili. Ungekuwa umenakili usingemsumbua dereva wa basi.

Fundi wa stendi amekosea, shukuru Mungu kwa hilo kabla sijaendelea kufoka. Kilichofutwa ni mstari kwenye jedwali, si ramani zenyewe. Unakumbuka sheria yako ya daftari la upimaji? Kosa halifutwi kwa raba, linakatwa kwa mstari mmoja ili lililokuwepo liendelee kusomeka. Diski nayo imefanya hivyohivyo. Ramani zimelala palepale zilipokuwa, ni bikoni tu zimeng'olewa. Ila mtu akijenga juu yake, yaani kikiandikwa chochote kipya hapo, kwaheri.

Kosa la namba tugawane. Kiwanja cha ramani nilikukatia mimi, miaka sita iliyopita, nilipokuja likizo. Nilikikata katikati ya diski, na mashine ikakipa namba iliyokuwa wazi, namba nne. Kile cha mtengenezaji cha mwisho kilikuwa na namba tatu tangu kiwandani. Kwenye diski namba hufuata nani aliandikishwa lini, hazifuati nani amekaa wapi. Nilipaswa kukuambia siku ile. Sikukuambia, nilikuwa nawahi gari.

Sasa nataka kujua jambo moja: kabla ya kufuta, ulizisoma namba za mahali kiwanja kilipoanzia na kilipoishia? Zipo programu za kutafuta mpaka uliopotea, lakini zinapapasa, na kukuongoza kwa barua zikiwa zinapapasa sitaki. Kama huna namba, sijui nikuambie nini, na sijui utamwambia nini mwalimu mkuu.

Nimekasirika, Baba, na nakuambia sababu. Likizo sita nilikushikia futi ya kupimia juani. Chini ya kila ukurasa wa daftari lako kuna nafasi mbili, Mpima na Mshika futi. Ya juu ilikuwa yako, ya chini ukaniandika mimi, na mimi mtoto sikulala kwa furaha. Nilipoleta fomu ya chuo cha upimaji ukasema nina haraka, mpima hana haraka, na porini si pa msichana. Fomu ikabaki kwenye droo ya kabati. Chuoni akaenda kaka, akadumu muhula mmoja, akatoka kwenda kuuza simu. Nilikuandikia "nisubiri". Leo nani mwenye haraka?

Binti yako,
Futi


17 Machi

Mwanangu,

Hakuna rafiki. Ni mimi.

Sikunakili. Nilijiambia kwamba mtu ambaye hajawahi kupoteza kipimo hahitaji kufanya kazi mara mbili. Kisha nikakuandikia uongo kwa mkono wangu, wa kwanza kuuandika tangu nishike kalamu ya kazi. Nimeona haya, na nimeona niseme hivyo wazi kuliko kuzungukazunguka.

Juzi mwalimu mkuu alikuja hapa. Alikaa kwenye kiti chako cha kamba akaniambia watoto sasa wanacheza mpira kwa zamu, darasa moja moja, kwa sababu goli la upande ule limebaki ndani ya uzio wa mbao. Akauliza, "Ramani ziko salama, Mzee?" Nikamtazama usoni nikasema ziko salama. Akaondoka mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

Lakini swali lako, mwanangu! Hilo nimelisoma nikacheka peke yangu, kicheko cha kwanza wiki hii. Eti nilizisoma namba? Wewe uliyenishikia futi likizo sita, uliwahi kuniona nang'oa jiwe kabla sijaandika lilipokaa? Kabla sijabonyeza chochote nilifungua daftari jipya, nikaandika viwanja vyote vinne, mwanzo na mwisho, kwa wino. Niliviandika kwa mpangilio wa kukaa, kuanzia barabarani kwenda ndani, kama viwanja vya watu wenye akili. Ndiyo maana nikadhani cha mwisho ndicho namba nne. Jina nilikosea. Kipimo sikukosea.

Kiwanja cha tatu kwa kukaa, kile kikubwa, kilichofutwa: kinaanzia sekta 209922048, kinaishia sekta 545466367.

Nimezinakili hapa, nikazilinganisha na daftari mara tatu, mara ya mwisho kutoka nyuma kwenda mbele. Mashine nimeifunika kwa shuka la mauamaua. Naipita mbali kama mtu aliyekosana na jirani.

Baba yako,
Mzee Mipaka


20 Machi

Baba yangu, shikamoo, tena na tena.

Niliposoma hizo namba nilisimama kitini nikapiga kelele, na wale watu saba wanaoniita bosi wakaja mbio wakidhani mashine imeungua. Nikawaonyesha barua yako. Nikawaambia, baba yangu aling'oa kiwanja kizima kwa bahati mbaya, lakini alikuwa ameandika kilipoanzia na kilipoishia, kwa wino. Mmoja wao ana shahada mbili, na wiki iliyopita tu alifuta vitu bila kuandika hata tarehe. Aliangalia chini.

Nimekuhakiki, usikasirike. Mwanzo unagawanyika kwa 2048 bila kubaki kitu, na urefu vilevile, kama inavyotakiwa. Tarakimu moja ingekosewa, hesabu ingepiga kelele. Haikupiga.

Kisha nilichukua diski kuukuu stoo, nikaikata kama yako, nikaifuta kama ulivyoifuta wewe, nikairudisha. Mara tatu. Mara zote tatu ilirudi. Hatua zako hizi hapa, na uzifuate kwa mpangilio.

Washa kwa ile flashi, uchague kujaribu Linux bila kuisakinisha. Kwenye karatasi ya pili nimekuandikia amri ya kufungua jedwali, herufi kwa herufi, iandike ilivyo. Mashine ikikusubiri, andika n, maana yake kiwanja kipya. Ikiuliza aina, p. Ikiuliza namba, 4. Ikiuliza mwanzo, andika namba yako ya kwanza, ikiuliza mwisho, ya pili. Yenyewe itakupendekezea namba nyingine. Ikatae. Usikadirie, usifupishe.

Hapo tulia, Baba. Kama umefika mahali penyewe, mashine itakuambia imekuta alama ya zamani ndani ya kiwanja, na itakuuliza kama iiondoe. Bonyeza N. Hapana. Alama hiyo ndiyo bikoni yako chini ya udongo. Ukikubali iondolewe tutaanza kulia pamoja. Baada ya hapo, w, iandike jedwali, basi. Usipige fomati hata mtu akubembeleze.

Kama haikutaja alama yoyote, bonyeza q utoke bila kuandika, kisha uniandikie.

Habari ya fomu hukuijibu. Si kitu. Nilitaka tu ujue niliisema.

Binti yako,
Futi


27 Machi

Mwanangu,

Nakuandikia nikiwa nimevimba kichwa hadi kofia hainitoshi, nivumilie.

Barua yako ilifika tarehe 23 jioni. Tarehe 24 asubuhi nilioga, nikavaa shati la kazi lenye mifuko minne, nikalitoa shuka la mauamaua, nikawasha. N, p, 4. Namba ya kwanza niliiandika kwa kidole kimoja, mkono wa pili ukishika daftari. Ya pili vilevile. Mimi nikadirie! Lile neno lako lilinichoma, nilitaka kukukaripia kwa karatasi, lakini ningechelewa.

Nikabonyeza. Ikasema imekuta alama.

Futi, unakumbuka sauti ya sururu inapogonga saruji chini ya udongo, baada ya kuchimba mahali ambapo kila mtu anasema hakuna kitu? Masikio yangu haya hayasikii mlango ukigongwa, lakini sauti hiyo niliisikia. Nikabonyeza N mpaka kidole kikauma. Kisha w. Nikafungua kiwanja, na ramani zote zimo, mia mbili kumi na nne. Nililia kidogo, kwa kuwa nilikuwa peke yangu, na wewe nakuambia kwa kuwa ni wewe. Kabla sijafuta machozi nilinakili kwenye flashi tatu. Moja nimempa mwalimu mkuu, nikamwambia na ukweli kwamba siku ile nilimdanganya. Akasema alijua, nilimjibu haraka mno.

Jana ndiyo baraza. Wakili wa muuza mbao alisimama kwa madaha akauliza, "Mzee, si kweli kwamba vipimo hivi vilifutika mwezi huu huu?" Sijui nani alimwambia, nadhani fundi wa stendi. Nikasema ni kweli. Watu wakaguna. Nikasema, twendeni uwanjani tuone kama na ardhi imefutika.

Tukaenda wote. Nikaanzia kwenye jiwe la kona ya tangi la maji, ambalo pande zote mbili zinalikubali. Mwalimu mkuu akashika ncha ya futi. Kipimo kikatupeleka moja kwa moja ndani ya uzio, hadi kwenye rundo la mbao. Nikasema, ondoeni hizi, mchimbe hapa, kina cha goti. Wakaondoa, wakachimba. Kwenye kina cha goti sururu ikagonga saruji, nondo katikati, na namba saba niliyoichora kwa msumari ikiwa bado mbichi. Muuza mbao akashikwa na kikohozi ambacho sijui kama kimepona. Uzio unarudi ulikotoka ndani ya siku kumi na nne, na goli linarudi kwa wenyewe.

Mwenyekiti akaniuliza vipimo vilivyofutika nilivirudishaje. Nikamwambia nilirudishiwa na mpima mwenzangu aliye mbali, ambaye hakuiona mashine kwa macho, alifanya kazi kwa barua. Akataka jina lake liingie kwenye kumbukumbu za baraza. Nikalitaja lote, mpaka la babu yako, nikamsimamia karani akiliandika, na alipokosea herufi moja nikamrudisha.

Ile Linux nayo imekaa. Safari hii nilisoma namba, nikasoma na ukubwa, ndipo nikafuta cha mtengenezaji. Ramani sasa inafunguka kabla sijatia sukari.

Ndani ya bahasha hii kuna daftari langu. Fungua ukurasa wa kiwanja namba nne. Habari ya fomu nimeijibu humo, kwa sababu ni mahali ninapojua kuandika.

Baba yako,
Mzee Mipaka


31 Machi

Shikamoo Baba,

Daftari limefika halina hata kona iliyokunjika. Nimelifungulia hapahapa chumba cha mashine, kati ya nesi wa printa na yule wa shahada mbili.

Namba zako ziko pale, mwanzo na mwisho. Chini, mbele ya "Mpima", uliandika jina lako. Kisha ukalikata kwa mstari mmoja, kama sheria inavyotaka, bado linasomeka. Pembeni umeandika, "Kosa langu, la miaka kumi na tisa. Aandike mwenyewe." Na mbele ya "Mshika futi" umetia sahihi yako, ile ndefu ya ofisini, yenye mkia.

Walioniona nimewaambia ni kiyoyozi kinaniumiza macho. Hakuna aliyeniamini, na sikujali. Nimewapitishia ukurasa mikononi mmoja mmoja, nikawaambia, huyu ndiye baba yangu.

Nimeazima kalamu ya wino mweusi kwa mganga mkuu. Nimeandika taratibu, bila haraka. Daftari linarudi kwako kwa dereva wa basi la asubuhi, maana kurasa zilizobaki bado ni nyingi, na mwezi wa sita nina likizo. Nasikia uwanja wa zahanati nao una mgogoro. Tafuta futi yako ndefu uipake mafuta.

Binti yako,
Mpima